Kona za Barabara Katika Ramani za Kompyuta

Somo la leo ni historia fupi: ramani za kompyuta zilijifunzaje kuchora barabara yenye kona? Wekeni karatasi na kalamu tayari.

Kompyuta hutunza barabara kwa nukta, yaani hesabu za mahali, kisha huziunga nukta hizo kwa mistari iliyonyoka. Ofisi ya Sensa ya Marekani, ilipojitayarisha kuhesabu watu mwaka 1970, ilitengeneza mafaili yaitwayo DIME. Kwa kawaida kipande cha barabara kati ya njia panda mbili kiliandikwa kwa ncha zake mbili tu. Shabaha ilikuwa kujua nyumba iko upande gani wa barabara, na kwa kazi hiyo mstari ulionyoka ulitosha.

Kwa msafiri hautoshi. Chora kona ya nusu duara. Kutoka kitovu hadi ukingo ni mita 100. Mwenye kuifuata huenda mita 314. Lakini kompyuta yenye nukta za mwanzo na mwisho tu itahesabu mita 200. Ongeza nukta moja katikati, itapata 283. Weka nukta tano, itapata 306. Basi gari la wagonjwa likipangiwa muda kwa hesabu ya 200, mgonjwa atangoja.

Mbona basi wasiweke nukta maelfu? Kwa sababu nafasi ya kuzitunza ilikuwa ndogo na ya gharama kubwa. Mwaka 1972 Urs Ramer alitoa njia ya kuzipunguza. Mwaka 1973 David Douglas na Thomas Peucker, nchini Kanada, wakatoa njia kama hiyo. Vuta uzi toka ncha hadi ncha. Tafuta nukta iliyo mbali na uzi kuliko zote. Ikiwa umbali wake haufiki kipimo ulichoweka, futa nukta zote za katikati. Ukizidi, ibakize hiyo, uvute uzi upya kila upande wake.

Kwa sensa ya 1990 Wamarekani walitumia mafaili mapya, TIGER, yenye nukta za kona kati ya njia panda. OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, nayo hutumia nukta. Ila humo mwananchi yeyote aweza kujiandikisha na kuongeza zilizosahauliwa.

Kwa hiyo kona ikikosekana katika ramani, jueni kuna mtu aliyeamua kipimo, au hakufika huko.

Swali la vikundi: kona ya barabara ya kwenu yahitaji nukta ngapi? Kwaherini hadi juma lijalo.