Kona Nyuma ya Jiko

Kaka yangu alipofika darasa la saba, baba alimwonyesha kona ya uwanja nyuma ya jiko, karibu na mwembe. Yeye na wenzake wawili walikata miti, wakafunga fito kwa kamba za magome, wakakandika udongo, wakaezeka nyasi. Ndani kilienea kitanda, mkeka na koroboi, basi. Pale kwetu Ngumbo, ambako jua la mchana linaweza kuifanya nyumba ya bati isikalike, geto lile ndilo lililokuwa na ubaridi kuliko nyumba ya baba. Jioni vijana watatu walikuja jikoni kwa mama, wakala ugali wa muhogo na usipa, wakarudi kwao, hatua ishirini hivi.

Sikuwahi kukiona kijumba kile kama historia mpaka nilipoanza shahada ya uzamili na kukutana na vijiji vya rika vya Wanyakyusa. Wanyakyusa na sisi tunachota ziwa moja, ila wao wako juu kaskazini, penye mvua nyingi na baridi ya Rungwe. Monica Wilson na mumewe Godfrey walifanya utafiti huko kati ya 1934 na 1938, na mwaka 1951 Monica akatoa kitabu chake kuhusu vijiji hivyo, Good Company.

Mvulana wa Kinyakyusa alipofika miaka 10 au 11 aliacha kulala kwa baba yake. Yeye na wa rika lake walihamia pembeni mwa kijiji cha wazazi, wakajijengea. Vibanda vya mwanzo vilikuwa kazi ya watoto, matete na nyasi. Walivyokua, ujenzi nao ukakua, na mkono ukazoea mianzi na udongo. Walilala wawili, watatu au zaidi katika kibanda kimoja, jambo ambalo kwenye baridi ile lilikuwa na faida yake. Sababu waliyoitoa wazee ilikuwa heshima: kijana anayepata akili hafai kulala karibu na chumba cha wazazi wake, na baadaye mkewe hatakiwi kukutana na baba mkwe.

Kilichonishika zaidi ni chakula. Wavulana hawa hawakuwa na jiko. Mchana walilima mashamba ya baba zao, na saa ya kula walikwenda kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Nyumba walitenganishwa, chungu hawakutenganishwa. Siku hizi duniani kuna vijana wengi wanaojenga vijumba vidogo kwa ajili ya wasio na makazi, na mara nyingi maelezo huanza na unene wa kuta na paneli za jua. Mimi ningeanza na swali la nani anapika.

Tena vibanda vile havikuwa vya kukaa tu. Vijana walioa wakiwa na miaka kama 25, wakaleta wake zao palepale. Miaka ikapita, ikafanyika sherehe iliyoitwa ubusoka, yaani kutoka: baba wakawakabidhi wana uongozi na ardhi, kijiji cha watoto kikawa nchi ya watu wazima. Mpango huo ulihitaji ardhi ya kutosha na wazee walio tayari kupisha. Mkahawa ulipoingia, mzee mwenye miche yake hakuona kwa nini aihame. Vijana nao wakaondoka kutafuta mshahara, wengine kwenye dhahabu ya Lupa.

Nilisoma kurasa nyingi nikimtafuta msichana. Yupo, lakini hana kijiji. Aliposwa angali mdogo, akatoka nyumba ya mama yake akaingia ya mumewe. Katikati hapakuwa na kibanda.

Katikati hapo ndipo nilipoishi mimi. Shule ya sekondari ilikuwa mbali na nyumbani, kwa hiyo wasichana watatu tulipangishiwa chumba cha bati. Unga ulikuja Jumapili ukaisha Alhamisi. Usiku mlango uligongwa, na tuliujua mkono wa mgongaji, kwa sababu siku ya Ijumaa ndiye aliyetununulia chipsi. Mwenzetu mmoja hakumaliza kidato cha tatu.

Mdogo wangu wa kike amechaguliwa kidato cha kwanza. Nilimpigia baba simu nikamtajia ile kona nyuma ya jiko, maana kijumba cha kaka kilishabomolewa na mvua.

“Mwanangu, shule iko kule,” alisema. “Kona iko huku.”

Nikamsikia mama akidakia kwa nyuma: “Dada yako yuko kulekule shuleni. Ana uwanja, na ana jiko.”

Jumamosi walikwenda kwa shangazi kuomba. Kaka alitangulia na panga, akatafute fito.