Land Cruiser mbili na njia moja ya Ntoto

Kutoka Goma, mashariki ya Kongo, hadi Sake ni kilomita zipatazo 27, na safari hiyo hata teksi ndogo inaimaliza. Baada ya Sake barabara inaanza kupanda milima ya Masisi, na hapo udongo ndio unaoamua nani apite. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, Fuso zinalala njiani na mizigo yake, na madereva wanakodi vijana wenye majembe. Mbele zaidi, kuelekea Ntoto, kule Masisi inakopakana na msitu wa Walikale, njia ni ya pikipiki, ya wabeba mizigo na, kipindi inapopitika, ya jeep chache. Nyingi kati ya hizo ni Toyota Land Cruiser za jamii ya 70.

Mfanyabiashara wa huku anayetafuta jeep ya okazioni hukutana na vizazi viwili vya gari hilo. Cha kwanza ni HZJ75, iliyokoma kutengenezwa mwaka 1999. Cha pili ni ndugu zake waliofuata: HZJ78 yenye bodi ndefu iliyofunikwa, na HZJ79, ya pikapu. Kwa mpita njia ni mapacha. Fundi anayelala chini yake na tochi haoni hivyo.

Ukoo wenyewe ulianza Japani mwaka 1951, Toyota ilipotengeneza gari lililoitwa Toyota Jeep BJ na kulipandisha Mlima Fuji hadi kituo cha sita. Jina Jeep lilikuwa la Wamarekani, hivyo mwaka 1954 likabadilishwa kuwa Land Cruiser. Jamii ya 70 ilizaliwa Novemba 1984. Kwa eneo hili la Kivu, hata hivyo, tarehe iliyo na uzito zaidi ni Januari 1990, mwezi ambao jamii hiyo ilipewa injini ya 1HZ: silinda sita, lita 4.2, dizeli tupu, pampu ya kimakanika, bila turbo wala kompyuta. Haina papara, na mazutu inayouzwa kwenye bidoni kando ya njia, ambayo huenda imechanganyika na maji au vumbi, inaivumilia kuliko injini za kisasa. Waaustralia walipewa V8 mwaka 2007. Sehemu kubwa ya Afrika ilibaki na 1HZ, na hakuna aliyelia.

Namna magari haya yalivyojaa Kivu haihusiani na matangazo ya biashara. Tarehe 20 Machi 1993 raia wa jamii ya Banyarwanda walishambuliwa na kuuawa katika soko la Ntoto, na mauaji yakasambaa Masisi nzima. Ripoti kubwa ya Umoja wa Mataifa kuhusu uhalifu uliotendwa Kongo, iliyotolewa Oktoba 2010, inaanza hesabu yake na Machi hiyo ya 1993. Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma ndani ya siku chache. Mashirika ya misaada yakawafuata, na pamoja nayo magari meupe yenye usukani wa kushoto. Huo ulikuwa wakati wa HZJ75.

Mwaka 1999 Toyota iliondoa springi za mbele za vyuma bapa vilivyopangwa tabaka na kuweka za koili. Nyuma ilibakiza vyuma bapa, ila ikavirefusha. Mwishoni mwa mwaka huo huo, Novemba 30, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda MONUC, misheni yake ya kulinda amani Kongo, na kwa miaka iliyofuata magari ya kizazi kipya yakaja na misheni hiyo na mashirika yaliyofanya kazi kando yake. Gari la shirika likichoka huuzwa kwa mnada au hukabidhiwa ofisi ya serikali. Baada ya hapo hubadilishwa rangi na kuanza maisha ya pili, likibeba maharage, jibini la Masisi na watu ishirini.

Basi ipi inunuliwe?

Wapenzi wa 75 wana hoja nzito. Kipande kimoja cha springi kikikatika porini, gari bado linajikokota. Fundi anachomoa kipande kutoka gari lililokufa, anakikata, anakitoboa, na safari inaendelea. Koili ikikatika hakuna mhunzi wa Nyabiondo, huko huko Masisi, atakayeifua nyingine. Isitoshe 75 ina giaboksi ya H55F, ngumu kweli kweli, wakati kizazi kipya baadaye kilipewa R151F ambayo wabeba mizigo huiona nyepesi. Rimu pia hazikubaliani: 75 hufungwa kwa nati sita, 78 na 79 kwa nati tano, hivyo mwenye moja hawezi kumwazima tairi mwenye nyingine hata wakikwama kwenye tope moja.

Upande wa pili, koili ni nadra kukatika. Kinachokufa ni bushi za mikono inayoshika ekseli ya mbele, na hizo hubebwa mfukoni. Mtu aliyepanda 75 tupu kwenye mawe ya Masisi anajua kiuno kinavyolipa. Mama mwenye uchungu anayepelekwa hospitali anajua zaidi. Pikapu ya 79 pia ina nafasi ya ziada kati ya ekseli, takriban sentimita 20 zaidi ya 75, kwa hiyo mzigo unakaa vizuri.

Jambo moja vizazi vyote viwili vinalishiriki, na ndilo linalowaumiza wanunuzi: 1HZ inaendesha kemshafti kwa mkanda wa mpira, ambao hutakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, vali na pistoni hugongana. Muuzaji huosha injini hadi ing'ae na kupaka matairi rangi nyeusi, lakini mkanda umefichwa nyuma ya kifuniko. Kukifungua si kazi ya siku nzima.

Kwa ubovu wa njia za huku, kuna waliokwisha kukata tamaa na magurudumu kabisa. Katika miaka ya 2000, madini ya bati kutoka Bisie, Walikale, yalibebwa na watu kupita msituni, kisha yakapakiwa kwenye ndege ndogo zilizotua juu ya kipande cha lami pale Kilambo. Barabara ilifaa kuwa uwanja wa ndege kuliko kupitisha magari hadi Goma.

Hata 75 changa kuliko zote sasa imepita miaka 25, na ubovu wake huanzia mahali pasipopigwa picha: pale springi zinaposhikana na chesisi, ambapo kutu hula chuma chini ya rangi mpya. Iliyo nzima bado ni gari bora la mizigo kwa njia ya Ntoto, lakini zilizo nzima ni chache, na wenye nazo hawaziuzi. Kwa mwenye pesa ya gari moja tu, chaguo la busara ni 79 ya 1HZ, yenye usukani wa kushoto, iliyotoka mikononi mwa shirika lililoandika matengenezo yake daftarini. Na fedha isitoke kabla kifuniko cha mkanda hakijafunguliwa.