Mamba wa Lufira na Ziwa Lililozaliwa na Shaba

Historia ya Lubumbashi huandikwa zaidi kwa shaba na reli kuliko kwa maji, ingawa jiji hilo la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lililoanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, lilipobadilishwa jina mwaka 1966 lilipewa lile la mto mdogo unaolipitia, na viwanda vya Katanga, eneo la jiji hilo, viliendeshwa kwa nguvu za mto mwingine, Lufira. Katika Lufira, kama ilivyo katika Lualaba unaoupokea, mwenyeji wa kale ni mamba wa Naili.

Muda mrefu kabla ya makampuni ya migodi, mamba alikuwa na nafasi katika masimulizi ya utawala na ya kuanzishwa kwa miji. Ukoo wa kifalme wa Wabemba, ambao wazee wao huitaja nchi ya Waluba, huko Katanga, kuwa asili yao, huitwa Bena Ng'andu, yaani watu wa mamba. Na inasimuliwa kwamba waanzilishi wake, walipofika kwenye mto Kalungu katika Zambia ya leo, walimkuta mamba aliyekufa, wakaona ni ishara njema, wakajenga makao yao hapo na kuyaita Ng'wena, neno lingine la mamba.

Mabadiliko makubwa ya maji yalitokana na shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilihitaji umeme mwingi kwa ajili ya kiwanda cha Shituru mjini Likasi, ambacho tangu mwaka 1929 kilisafisha shaba kwa elektrolisisi, yaani kwa kupitisha mkondo wa umeme ndani ya mmumunyo wa madini. Kwa hiyo mto Lufira ulizibwa kwa bwawa kwenye maporomoko ya Mwadingusha, yaliyoitwa Cornet wakati wa ukoloni, na mwaka 1930 kituo cha umeme kilichopewa jina la Francqui kikaanza kazi. Maji yaliyozuiliwa yalifunika bonde tambarare na kuunda ziwa Tshangalele, lenye kina kifupi na eneo la takriban kilomita za mraba 400 linapojaa, ambalo wavuvi wa Kapolowe, mji ulio kando yake, hulitegemea na samaki wake huuzwa Likasi na Lubumbashi.

Mwaka 1982 UNESCO ililitambua bonde la Lufira kuwa hifadhi ya baiyosfia, yaani eneo ambamo uhifadhi wa viumbe unapaswa kwenda pamoja na maisha ya watu. Hata hivyo, maji machafu ya viwanda vya Likasi yamekuwa yakifika ziwani kupitia vijito, na watafiti wamekuta metali nzito katika samaki wake. Metali hizo hupita katika mnyororo wa chakula, yaani mfululizo wa viumbe wanaolana, hadi kwa mla samaki, awe mamba au mwanadamu. Ndiyo maana historia ya miji ya shaba haikamiliki bila historia ya ziwa hilo, kwa kuwa waliolitengeneza ndio wenye wajibu wa kwanza wa kulisafisha, na afya ya mamba na ya mvuvi wa Kapolowe inategemea maji yaleyale.