Gereji ndani ya gemu: historia ya kuset gari kwa kila njia

Mwaka 1982, kampuni ya Namco ya Japani ilipotoa Pole Position, mchezaji hakuwa na la kuuliza kuhusu gari lake. Aliingiza sarafu, akashika usukani, akachagua kati ya gia mbili, ya chini na ya juu, kisha akazunguka njia ya Fuji. Magari yote yalitoka kiwandani yamefungwa vilevile, na aliyeshindwa hakuwa na fundi wa kumlaumu.

Miaka michache baadaye mambo yalianza kugeuka Uingereza. Geoff Crammond, mtu aliyesomea fizikia, aliandika Revs kwa ajili ya kompyuta ya BBC Micro. Alisaidiwa na David Hunt, dereva wa Formula 3 na mdogo wake bingwa wa dunia James Hunt. Kabla ya kuingia njiani Silverstone, gemu lilimwomba mchezaji aandike nambari mbili: pembe ya bawa la mbele na ya bawa la nyuma. Ukiinua bawa, hewa inaligandamiza gari chini na kona zinashikika, lakini kwenye nyoofu mwendo unapungua. Ukililaza, unapaa kwenye nyoofu halafu unaomba dua konani. Zilipoongezwa njia nyingine nne, zikiwemo Brands Hatch na Oulton Park, wachezaji waligundua kwamba nambari zilizowapa ushindi Silverstone hazikuwafaa kwingine. Kila njia ilitaka hesabu yake.

Hesabu hiyo ilikuwa ndefu zaidi Marekani mwaka 1989. David Kaemmer na Omar Khudari wa kampuni ya Papyrus walitoa gemu la Indianapolis 500, mashindano ya magari 33 na mizunguko 200, yenye kona nne zote za kushoto. Hapo mchezaji alikuta karibu kila kitu ambacho fundi wa kweli angekigusa: upepo wa tairi, shokomzoba, stabiliza, uwiano wa gia, mabawa, hata tofauti ya ukubwa wa tairi. Hili la mwisho ni ujanja wa njia za duara. Tairi la nyuma la kulia hufungwa kubwa kidogo kuliko la kushoto, ili gari lenyewe lipende kugeuka kushoto. Konani dereva anapumzika. Kwenye nyoofu anauzuia usukani usivute upande wa ndani.

Ni gemu hili lililoufanya muda wa mazoezi kuwa kazi kamili. Mtu alizunguka mara chache, akarudi gereji, akabadilisha kitu kimoja, akatoka tena. Aliyebadilisha vitu vinne kwa mpigo hakujua kipi kilimponya na kipi kilimharibia.

Papyrus walifika kilele mwaka 1998 kwa Grand Prix Legends, gemu lililorudisha msimu wa 1967, wakati magari ya Formula 1 hayakuwa na mabawa. Kwa kuwa hewa haikusaidia kuligandamiza gari, kila kitu kilitegemea springi na tairi. Mchezaji aliyetoka Nürburgring, njia ya zaidi ya kilomita 22, alisoma joto la kila tairi sehemu tatu: ndani, katikati na nje. Katikati pakiwa pa moto kuliko kingo, upepo umezidi. Ukingo wa ndani ukiungua peke yake, gurudumu limelazwa mno. Tarakimu hizo zilisomwa kama daktari anavyosoma kipimo cha homa. Lakini gemu liliacha pia mwanya: liliruhusu gari kushushwa chini kiasi ambacho hakuna fundi wa 1967 angethubutu, na waliosaka rekodi waliutumia bila haya.

Upande wa pili wa dunia, mtengenezaji wa magemu Kazunori Yamauchi alikuwa tayari ameipeleka gereji sebuleni. Gran Turismo ilitoka Japani Desemba 1997 kwa ajili ya PlayStation, na ikauza zaidi ya nakala milioni 10. Humo mipangilio ilikuwa bidhaa. Mchezaji alianza na fedha kidogo, akanunua gari lililotumika, na hakuweza kugusa springi wala ulalo wa magurudumu mpaka anunue kwanza vifaa vyake. Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, orodha ya magari hayo haikuwa ngeni: Toyota, Nissan, Subaru na Mitsubishi, chapa zilezile ambazo meli zilikuwa zikizishusha Mombasa na Dar es Salaam zikiwa zimeshatumika Japani.

Kenya yenyewe ilikuwemo kwenye gemu la mwaka 2000, Colin McRae Rally 2.0. Jina lililokuwa kwenye jalada lilikuwa la Mskoti aliyeshinda Safari Rally mara tatu, 1997, 1999 na 2002. Njia za Kenya zilidai kinyume cha yale Indianapolis ilifundisha: gari linyanyuliwe juu, springi zilainishwe, tairi zivumilie mawe. Safari ilipokosa nafasi katika mashindano ya dunia baada ya 2002, iliendelea kukumbukwa na wachezaji, na gemu la WRC 9 liliirudisha Septemba 2020. Mashindano yenyewe, yaliyoahirishwa kwa sababu ya korona, yalirejea Naivasha Juni 2021, na Sébastien Ogier akashinda.

Kufikia wakati huo ugomvi mmoja ulikuwa umekomaa. Kaemmer na mwekezaji John Henry walifungua gemu la iRacing mwaka 2008, watu wakashindana moja kwa moja kupitia intaneti, na swali likawa zito: anayeshinda ni dereva au fundi? iRacing ikatenga mashindano ya aina mbili. Katika moja kila mtu anaset gari lake. Katika nyingine wote wanapewa mipangilio ileile. Aina ya kwanza imezaa biashara, kwani wapo wanaouza mipangilio kwa ada ya kila mwezi, tayari kwa njia ya wiki hiyo. Mnunuzi anaipakia, anatoka gereji, na mara nyingi gari linamrushia mkia kona ya kwanza, maana lilifungwa kwa ajili ya mtu mwenye mguu mwepesi zaidi kwenye breki.