PSMA-PET

PSMA-PET ni kipimo cha picha kinachotumiwa kutafuta seli za saratani ya tezi dume mwilini, hasa pale ambapo saratani iliyokwisha kutibiwa inashukiwa kurudi. PSMA ni protini iliyoko kwa wingi juu ya utando wa seli za saratani hiyo. PET ni aina ya skani inayopokea mionzi itokayo ndani ya mwili wa mgonjwa mwenyewe. Kipimo hiki kinaweza kuonyesha uvimbe mdogo hata mahali ambapo madaktari hawakuzoea kutazama.

Dalili za kurudi

Mwanamume aliyeondolewa tezi dume kwa upasuaji hutazamiwa kuwa na PSA ndogo mno isiyopimika katika damu. (PSA isichanganywe na PSMA: ya kwanza huingia katika damu, ya pili hubaki kwenye seli.) Kiwango kikipanda hadi nanogramu 0.2 kwa mililita, na kipimo cha pili kikithibitisha, husemwa kwamba saratani imerudi. Kwa aliyetibiwa kwa mionzi bila upasuaji, mpaka ni nanogramu 2 juu ya kiwango cha chini kabisa alichofikia. Damu husema kwamba saratani ipo, lakini haisemi iko wapi, na mara nyingi mgonjwa hasikii maumivu yoyote wakati huo.

Picha za zamani hazisaidii sana katika hatua hii. Skani ya CT hutegemea ukubwa wa tezi za limfu, na tezi ya milimita 5 huonekana ya kawaida hata ikiwa na saratani. Skani ya mifupa kwa tekneti-99m huonyesha jinsi mfupa unavyojijenga kuzunguka uvimbe, si uvimbe wenyewe. PET ya glukosi, inayofaa kwa saratani nyingine nyingi, mara nyingi hushindwa hapa kwa sababu saratani ya tezi dume hutumia glukosi kidogo.

Jinsi kinavyofanya kazi

Molekuli ndogo inayoshikamana na PSMA huunganishwa na isotopi nururifu, kisha hudungwa katika mshipa. Baada ya muda wa saa moja hivi mgonjwa hulazwa ndani ya skana. Gali-68 ina nusumaisha ya dakika 68 tu, kwa hiyo haisafirishwi mbali. Florini-18 hufikia dakika 110 hivi. Ndiyo maana huduma hii hupatikana zaidi katika miji mikubwa, kama Nairobi kwa Afrika Mashariki. PSMA-11, iliyobuniwa Heidelberg nchini Ujerumani, iliidhinishwa Marekani mwezi Desemba 2020, kwanza kwa vyuo vikuu viwili vya California.

Mahali pasipotarajiwa

Kwa kawaida saratani hii hurudi palipokuwa na tezi dume, katika tezi za limfu za nyonga, au katika mifupa ya uti wa mgongo na nyonga. PSMA-PET imeionyesha pia kwenye mapafu, tezi za adrenali, utando wa tumbo, korodani, uume, utando wa ubongo na tezi za limfu zilizo juu ya mfupa wa mtulinga wa kushoto. La muhimu zaidi ni tezi ndogo za limfu zinazozunguka sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, kwani kwa desturi hazimo katika eneo la upasuaji wala la mionzi. Mgonjwa aliye na saratani hapo tu akichomwa mionzi palipokuwa na tezi dume, hupata madhara ya tiba bila uvimbe wenyewe kuguswa.

Katika utafiti wa California uliochapishwa mwaka 2019, wenye wagonjwa 635, kipimo kilionyesha saratani kwa asilimia 38 ya waliokuwa na PSA chini ya 0.5, na asilimia 97 ya waliofikia 5 au zaidi. Hapo ndipo ugumu ulipo: PSA ikisubiriwa ipande, picha huwa wazi zaidi, lakini mionzi baada ya upasuaji hufaa zaidi PSA ikiwa bado ndogo. Kwa hiyo picha isiyoonyesha kitu si sababu ya kuahirisha tiba.

Makosa ya kusoma picha

Licha ya jina lake, PSMA haiko kwenye tezi dume peke yake. Tezi za mate na za machozi, figo na utumbo mwembamba hung'aa kwa kila mtu. Dawa hutoka kwa mkojo, hivyo kibofu kinaweza kuficha uvimbe ulio karibu, na doa kwenye uume linaweza kuwa mkojo tu. Mafundo ya neva tumboni hufanana na tezi za limfu. Madoa hafifu ya mbavu, hasa kwa florini-18, mara nyingi si saratani. Kifua kikuu nacho huweza kung'aa, jambo la kukumbukwa katika nchi ambako ugonjwa huo ni wa kawaida. Doa la peke yake mahali pasipo pa kawaida linafaa kuthibitishwa kwa kuchukua kipande cha tishu, ikiwezekana, kabla ya kubadili tiba.

Saratani nyingine za tezi dume hazina PSMA ya kutosha, hasa zile kali zilizobadilika baada ya tiba ndefu na kufika ini. Kwa hizo PET ya glukosi huweza kuona zaidi, na tiba ya luteti-177, inayozifuata seli kwa PSMA hiyohiyo, haitazamiwi kufaa.