Toka Kwanza, Ndipo Urudi na Mwenza

Mwishoni mwa 1981 Mwingereza mmoja, Ann Florence Reed, alihamia Uholanzi kumfuata mpenzi wake, Mwingereza mwenzake aliyekuwa na kazi huko. Hawakuwa wameoana. Reed alitafuta kazi akakosa. Alipoomba kibali cha ukaazi kwa maelezo kwamba anaishi na mpenzi wake, alinyimwa. Kanuni ya Jumuiya ya Ulaya ya mwaka 1968 ilimruhusu mfanyakazi kuja na mke au mume, watoto, na wazazi anaowatunza. Wanaoishi kinyumba haikuwataja.

Hukumu ilitolewa mjini Luxembourg, Aprili 1986. Mahakama ya Haki ya Ulaya ilikataa kumhesabu mpenzi kuwa mke, kisha ikapitia mlango wa uani: Uholanzi ilikwisha kuwaruhusu raia wake kuishi na wapenzi wa kigeni wasiofunga nao ndoa, kwa hiyo haikuweza kumnyima mfanyakazi wa nchi mwanachama kile inachompa Mholanzi. Reed alishinda, ila kwa ukarimu wa Waholanzi. Pasipokuwa na ukarimu huo, hukumu ile isingemfaa mtu.

Hayo ni ya ugenini. Nyumbani mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa kuwa sheria za Ulaya humlinda anayevuka mpaka. Mwingereza aliyekaa Uingereza siku zote akitaka kumleta mwenzi wake alikuwa mikononi mwa idara ya uhamiaji ya nchi yake, basi.

Kesi ya Surinder Singh ndiyo iliyogeuza mambo. Raia huyu wa India alimwoa Mwingereza mjini Bradford mwaka 1982, wakaenda kufanya kazi Ujerumani, na mwishoni mwa 1985 wakarudi kufungua biashara. Serikali ya Uingereza ilishikilia kwamba mke amerejea kwao, hivyo sheria ya kwao ndiyo itumike. Mahakama ilijibu Julai 1992: nani atathubutu kwenda kufanya kazi ng'ambo, ikiwa akirudi atamkosa mwenzi aliyeishi naye huko? Kuanzia hapo anayetoka na kurudi akawa na haki asizonazo jirani yake aliyebaki nyumbani. Ni ajabu, lakini ndivyo ilivyo.

Ajabu hiyo iliwafaa wengi kuanzia Julai 2012, Uingereza ilipomtaka raia wake awe na kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka kabla ya kumleta mwenzi kutoka nje ya Ulaya. Wasiofikia kiwango hicho walihamia Ayalandi au kwingineko, wakafanya kazi kwa miezi kadhaa, wakarudi. Mwaka 2014 mahakama ikafafanua kwamba likizo na wikendi za kuvuka mpaka hazihesabiki. Sharti mtu awe ameishi huko kweli, zaidi ya miezi mitatu.

Lakini njia hiyo ilikuwa ya wenye cheti cha ndoa. Agizo la Ulaya la 2004 lilikuwa limemtaja pia mwenza wa uhusiano wa kudumu uliothibitishwa, ila halikumpa haki kamili: nchi ilitakiwa kumrahisishia kuingia, kulichunguza ombi lake kwa kina na kueleza sababu ikimkatalia. Uthibitisho ni makaratasi, kama vile mkataba wa pango au mkopo wa nyumba wenye majina ya wote wawili. Wanandoa wasiopatana hata salamu hawasumbuliwi hivyo. Tena agizo halikusema neno juu ya raia anayerudi kwao.

Pengo hilo lilizibwa Julai 2018 katika kesi ya Banger. Mwanamke wa Afrika Kusini na mpenzi wake Mwingereza walihamia Uholanzi mwaka 2010, naye akapewa kibali. Walipotaka kwenda Uingereza mwaka 2013, alikataliwa kwa kuwa hawakuoana. Majaji walisema raia anayerudi na mwenza wa namna hii asitendewe vibaya kuliko mgeni anayekuja na mwenza wake. Anayekataliwa apelekewe sababu, na awe na mahakama ya kupitia uamuzi huo.

Uingereza haikukaa na hukumu hiyo muda mrefu. Ilijitoa katika Umoja wa Ulaya, na uhuru wa kuhamahama ukakoma kwake tarehe 31 Desemba 2020. Mfaransa au Mjerumani anayerudi kwao kutoka nchi nyingine ya Umoja bado anaweza kuitumia hukumu hiyo. Mwingereza asiyeoa amerudishwa kwenye sheria ya kwao, ambayo tangu Aprili 2024 inataka pauni 29,000.