Wazee Wetu wa Kwanza Walikuwa Wakimbizi



Katika siku hizi za yubile tunahesabu miaka, na majina ya wabatizwa yaliyoandikwa katika vitabu vya parokia. Ni jambo jema. Lakini yafaa tuulize pia: ni kitu gani kilichowaunganisha wazee wetu, hata leo sisi tukaitwa jamaa moja?

Habari hii ilianza kandokando ya ziwa Tanganyika. Mwaka 1885 Mapadiri Weupe, wana wa Kardinali Lavigerie, walipokea kituo cha Mpala, katika nchi ya Watabwa. Wakati ule biashara ya watumwa ilikuwa ingali ikiharibu vijiji. Wamisionari waliwakomboa watoto, wakawapokea na watu wazima waliokuwa wakitafuta kimbilio. Hao hawakuwa wa ukoo mmoja wala wa lugha moja. Wengi walikuwa wamenyang'anywa baba, mama na kijiji. Kapiteni Joubert, aliyefika Mpala mwaka 1887, aliwalinda kwa silaha. Lakini silaha humzuia adui tu. Haiwezi kumfanya mgeni kuwa ndugu. Kazi hiyo ilifanywa na katekismu, na sala ya pamoja, na jembe.

Matunda yalionekana. Mwaka 1917, kule Baudouinville, ambako leo ni Kirungu, Monsenyori Roelens alimpa upadirisho Stefano Kaoze, padiri wa kwanza wa Kongo katika nyakati hizi mpya. Siku ile hakupata sifa mtu mmoja wala kabila moja. Eklezia nzima ya Kongo ilimpata mwana wake.

Kiisha mwaka 1961 maaskofu wa Kongo walichagua njia ya jumuiya ndogo zenye uhai, zile tunazoziita mashirika. Nia yao ilikuwa wazi: wakristu wanaokaa jirani wasali pamoja, wasaidiane, wapatanishane. Katika maasi ya mwaka 1964 misioni nyingi za mashariki zilibaki bila padiri. Hapo ilionekana kwamba parokia si nyumba ya matofali. Mahali pengi makatekista waliwakusanya watu, wakafundisha, wakazika wafu, na taa ya imani haikuzimika.

Wandugu, tusijidanganye. Katika miaka 2016 na 2017, wakati wa mapigano ya Watwa na Waluba, maelfu ya watu walikimbilia Kalemie wakiwa mikono mitupu. Wengine waliwapokea kwa moyo mweupe. Lakini kulisikika pia maneno haya: «Hawa si watu wetu.» Mkristu asemaye hivyo amesahau alikotoka. Kama watu wa Mpala wangalisema hivyo, ni nani kati yetu angalibatizwa?

Shirika ni la mtaa, si la kabila. Tunapomchagua kiongozi, tusiulize baba yake alizaliwa wapi. Tuulize kama anasali, kama anamtembelea mgonjwa, kama anatunza vema makuta ya maskini. Na mgeni akifika Jumapili, asibaki mlangoni.

Hiyo ndiyo zawadi ifaayo kutolewa altareni siku ya yubile. Ukuta wa kanisa ukipasuka, fundi ataurudishia. Umoja ukipasuka, ni sisi wenyewe tutakaopaswa kupiga magoti, kuungama, na kupeana mikono.

Yezu Kristu, aliyetuombea tuwe kitu kimoja, atujalie neema hiyo. Amina.